Bourse ya Yatima

Plamedie Ngoie alikuwa na miaka ishirini na mmoja alipoanza kutafuta mtu wa kumlipia masomo ya dini, na mwaka mzima ulipita akiwa bado anatafuta.

Alitaka kusoma Institut Bethania, chuo cha masista kilichokuwa upande wa Karavia, ambako watu walisomea theolojia kwa miaka mitatu na kutoka wakiwa walimu wa dini katika shule za sekondari. Hakutaka kuwa sista. Tangu akiwa na miaka kumi na sita aliwafundisha watoto katekesi katika parokia yao ya Kampemba, na Jumamosi moja mtoto wa kike mwenye meno mawili pungufu alimwuliza kwa nini Mungu alikubali Ayubu apigwe ilhali alijua kuwa ni mtu mwema. Plamedie akawaambia watoto waimbe wimbo. Aliporudi nyumbani alimwambia mama yake kwamba anataka kusoma mpaka ajue la kujibu.

Basi akaandika kila mahali. Ofisi ya jimbo ilimjibu kwamba fedha zilizopo ni za vijana wanaojiandaa kuwa mapadri. Shirika moja la masista lilikuwa tayari kumlipia, ila kwa sharti aingie unovisi ili awe sista. Papa Stéphane, mfanyabiashara tajiri wa parokia, alisimama siku ya sikukuu mbele ya waumini wote akasema mtoto huyu atamsomesha yeye, watu wakapiga makofi. Tangu siku hiyo simu yake ikawa inaita tu. Kila alikokwenda, Plamedie alibeba bahasha ile ile ya kaki: nakala ya diplôme d'État ya kumaliza sekondari, barua ya paroko, cheti cha tabia njema. Kona za bahasha zikaanza kulegea kama nguo.

Siku moja mchana akaja Jean-Claude, mdogo wake mama. Kazi ya Jean-Claude ilikuwa kuwafuatilia watu karatasi zao maofisini, na hakuwa mtu wa kuingia nyumbani kwa dada yake bila habari.

"Iko bourse moja," alisema akivuta kiti. "Ya bazungu bazee, bwana na bibi. Banalipa yote, miaka tatu, mpaka na transport. Ni kule kule Bethania. Lakini iko ya ba orphelins. Muntu mwenye papa yake alikufwa."

"Miye hapana orphelin, nonko," Plamedie akamwambia mjomba wake. "Papa njo ule pale."

Baba yake, Gauthier Kalenga, alikuwa uani mbele ya mlango wazi, akigonga bati. Alifanya kazi ya reli miaka ishirini na mitatu, na tangu aiache alikuwa akitengeneza mbabula, yale majiko ya makaa, kwa vyuma vya kuokota. Mtaa mzima ulipikia mbabula zake.

"Namuona," Jean-Claude akajibu. "Minasema tu vile iko. Acte de décès, karatasi ya kufwa, mu siku mbili naileta."

Mama Huguette, aliyekuwa akichambua majani ya lenga-lenga, aliweka sinia chini. "Jean-Claude, unakuya mu nyumba yangu kuua bwana yangu?"

Nyundo ilinyamaza. Gauthier aliingia akijipangusa mikono kwenye suruali, akabaki amesimama, kwa kuwa viti vilikuwa vitatu tu.

"Ile karatasi inaomba nini juu yangu?" aliuliza.

"Jina, Papa. Na siku ya kufwa," Jean-Claude akajibu.

"Andika."

"Gauthier," mama akasema.

"Karatasi haiue muntu, Huguette. Angalia huyu mutoto. Mwaka muzima anabeba bahasha. Miye nilimupatia nini? Sasa iko kintu moja naweza kumupatia, na haiombe nguvu." Akamgeukia shemeji yake. "Andika."

Plamedie alisema, kwa sauti ndogo, kwamba huo ni uongo: "Papa, njo bongo."

"Njo bongo yangu," baba akajibu. "Haiko yako."

Baadaye, Plamedie alipojiuliza ni wapi hasa angeweza kuzuia, alirudi daima kwenye dakika ile. Alikuwa akingoja mmoja wao amkataze. Mama alichukua tena sinia lake. Jean-Claude alitoa kalamu. Hakuna aliyemkataza, na yeye mwenyewe alinyamaza, na moyoni, chini kabisa ya aibu, kulikuwa na furaha.

Bourse aliipata. Sœur Adolphine, mkuu wa chuo, alimwita ofisini kumpa habari hiyo, akamshika mikono yote miwili akisema, "Pole kwa baba yako, mwanangu. Huko aliko, leo anafurahi." Plamedie alisema asante.

Mwaka wa kwanza ulikuwa mtamu kuliko alivyowahi kuota. Alisoma asubuhi hadi jioni. Alikuwa wa pili katika darasa la watu thelathini na wanne. Nyumbani alimsimulia baba yake yote aliyojifunza, naye baba aligonga bati huku akiuliza maswali, maswali mazuri, kwa mfano kwa nini manabii walikuwa daima watu wenye hasira. Ilikuwa rahisi kusahau.

Kisha ukaja mwezi wa kumi na moja. Siku ya kuwaombea marehemu, wanafunzi wa Bethania huandika majina ya ndugu zao waliokufa, na padri huyasoma moja moja katika misa. Plamedie hakuandika kitu. Lakini rafiki yake Chancelvie, aliyekuwa akikaa naye dawati moja, alimwonea huruma. Alidhani uchungu ndio uliomzuia mwenzake kushika kalamu, akamwandikia. Plamedie alikuwa amepiga magoti katika mstari wa tatu aliposikia padri akisoma: "Gauthier Kalenga."

Kanisa zima likaitika, "Uwape raha ya milele, ee Bwana." Chancelvie alimgusa bega. Plamedie alisikia sauti yake mwenyewe ikiitika pamoja na wengine, wala haikutetemeka.

Jioni ile alimkuta baba anakula bukari, yaani ugali, na samaki wadogo wa ndakala, akakaa mbele yake akimtazama mpaka akaulizwa kama kuna jambo. Akasema hakuna.

Mwaka wa pili, mwezi wa tatu, Sœur Adolphine alitangaza kwamba wafadhili wenyewe wanakuja. Wangekaa juma moja mjini, na walitaka kutembelea nyumba za wanafunzi wanaowalipia, kuona wanavyoishi, kusali na familia zao.

Gauthier hakupoteza muda. "Nitaenda kwa Ruben," alisema. Ruben alikuwa ndugu yake, anaishi Kasumbalesa mpakani. "Siku mbili, tatu. Bazungu bakienda, munanipigia."

Shida ilikuwa kwa mama. Jean-Claude alikuwa ameleta kitambaa cheusi, na Mama Huguette hakutaka hata kukigusa.

"Nivale kilamba ya bujane na bwana yangu iko anakula mu Kasumbalesa? Hapana. Ile haitaandikwa mu karatasi, itaandikwa ku mwili yangu."

"Mama, ni saa moja tu," Plamedie alimwambia.

Mama alikigeuzia kitambaa mgongo. "Mama yangu mukubwa alivala mwaka moja. Haukumuona. Haujue unaniomba nini."

Lakini asubuhi ya ziara, gari la chuo liliposimama nje, alikuwa amekivaa. Alikaa kwenye mkeka, mikono magotini, macho chini.

Wafadhili walikuwa wazee kweli. Bwana alitembea kwa fimbo na hakusema mengi. Bibi alikuwa mdogo wa mwili, mwenye macho ya rangi ya maji, na alipomwona Mama Huguette pale chini alikataa kiti, akakaa naye kwenye mkeka. Sœur Adolphine alikaa kando yao, akitafsiri.

"Madame anauliza," alisema, "kama mama angeweza kumweleza jinsi mumewe alivyofariki. Kama si vigumu mno."

Mama Huguette hakuinua kichwa. Nje watu wa mtaa walikuwa wamekusanyika kulitazama gari. Plamedie aliona kidole cha mama kikivuta uzi wa mkeka, na akaelewa kwamba mama hatasema, leo wala kesho.

Basi akasema yeye. Alisema baba alikuwa mtu wa reli. Alisema ilikuwa wakati wa mvua, na mabehewa yalikuwa yakiunganishwa, na mtu aliyetoa ishara aliitoa mapema. Alisema walimleta nyumbani wamemlaza juu ya mlango, kwa kuwa machela haikuwepo. Alisema baba aliishi mpaka saa kumi alasiri, na kwamba alimwambia, wewe usiache kusoma. Maneno yalikuja yenyewe, yamepangwa vizuri, kila moja likiwa na mahali pake. Mlango ule, na mtu amelazwa juu yake, aliuona kabisa. Hata machozi yalikuja.

Bibi yule alilia naye. Akafungua mkoba wake, akatoa rozari ya mbao iliyochakaa, akaiweka kiganjani mwa Plamedie na kukifunga kwa vidole vyake. Sœur Adolphine alisema kwa sauti ya chini, "Ilikuwa ya baba yake. Alikufa mgodini yeye akiwa na miaka kumi na mmoja. Anasema hajawahi kumpa mtu."

Gari lilipoondoka, Mama Huguette alivua kile kitambaa hapo hapo sebuleni, akakitupa kwenye mbabula, akakaa akikitazama kinavyoungua. Kisha akamwambia binti yake, "Ulimuua muzuri sana."

Lakini mtaa ulikuwa umeona. Majirani walimwona Mama Huguette kwa mlango wazi akiwa na nguo nyeusi, wakasikia maneno mawili matatu ya kilio, na wote walijua kwamba Gauthier aliondoka juzi kwenda Kasumbalesa. Kabla ya jua kuzama, Mama Syntiche wa nyumba ya pili alikuwa mlangoni na wenzake sita, wamefunga vitambaa kichwani, wanalia. Mama Huguette alitoka akawaambia mume wake ni mzima. Walimtazama, kisha wakatazamana. Mmoja alianza kucheka kwa kujizuia. Siku tatu hazikwisha, kila mtu alijua habari ya karatasi, maana Jean-Claude aliisimulia kwa Désiré fundi viatu, akidhani atasifiwa.

Gauthier hakurudi. Siku mbili zikawa juma, juma likawa mwezi. Alipopigiwa simu alisema kuna kazi amepata, atakuja. Mara ya nne simu ilipokelewa na Ruben, aliyesema kaka yake hakai tena kwake.

Jumamosi moja Plamedie alipanda gari asubuhi na mapema kwenda Kasumbalesa. Malori yalikuwa yamejipanga barabarani kilomita na kilomita, marefu, yamefunikwa maturubai, madereva wamelala chini yake kwenye vivuli. Alitembea kando ya foleni ile huku akiuliza, kati ya wabadilisha fedha na wanawake wanaouza mayai ya kuchemsha, mpaka kijana mmoja akamwonyesha kwa kidole. Baba yake alikuwa amekaa juu ya debe kati ya magurudumu ya trela, na rungu limelazwa magotini. Alikuwa amekonda. Ndevu zake zilikuwa zimeota nyeupe.

"Nachunga bintu ya bachofere," alisema, kana kwamba ndilo aliloulizwa. "Ruben alikuwa na bantu mingi mu nyumba."

"Papa, rudia."

"Mama yako iko muzima?"

"Iko muzima. Rudia, Papa. Twende leo."

Gauthier alitazama lori la mbele likisogea hatua chache na kusimama tena. "Nitarudia namna gani? Kampemba yote inajua karatasi iko inasema nini. Nikionekana pale, muntu moja tu mwenye roho mubaya, anaenda ku Bethania, anasema. Weye unabakia na mwaka moja na nusu. Maliza. Ukimaliza, nakuya."

"Mwaka moja na nusu, chini ya camion?"

"Nilishalala mu mawagoni miaka makumi mbili. Haiko kintu." Kisha, bila kumtazama, akaongeza, "Banasema ulibasimulia vile nilikufwa. Banasema ilikuwa muzuri. Juu ya mulango."

Plamedie alinunua mayai manne kwa mwanamke aliyekuwa akipita. Walikula mawili mawili. Alipoondoka baba alimsindikiza hadi mwisho wa lile lori tu, kwa kuwa hakuruhusiwa kuliacha.

Jumatatu aligonga mlango wa Sœur Adolphine. Alisimulia yote akiwa amesimama: karatasi, kitambaa, hadithi ya mlango, debe kati ya magurudumu. Sista alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta polepole, akaivaa tena.

"Baba yako yuko hai," alisema.

"Ndiyo, Ma sœur."

"Nimemwombea mwaka mmoja na nusu. Kila Ijumaa." Hakusema kwa hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi kuvumilia. "Unajua wale wazee walitaka nini? Mtu mmoja tu asipite alikopita yule mama. Kulikuwa na msichana mwingine kwenye orodha mwaka ule. Yatima kweli. Nafasi ilikuwa moja."

Plamedie hakuwa amewaza hilo. Katika yote aliyokuwa ameyapima, hakuwahi kuwaza kwamba kulikuwa na mwingine.

"Yuko wapi?" aliuliza.

"Sijui. Alirudi kwao Kabalo. Hakuandika tena."

Bourse ilikatwa wiki ile ile. Sista hakumfukuza chuoni. Alisema kwamba akipata wa kumlipia, mlango uko wazi, na wote wawili walijua maana yake. Alimtaka amwandikie Madame kwa mkono wake. Plamedie aliandika barua ya kurasa tatu, akaichana, akaandika ya mistari sita, akaifunga pamoja na rozari. Hakuna jibu lililokuja.

Alirudi Kasumbalesa kumwambia baba kwamba yamekwisha, anaweza kuja nyumbani. Gauthier alisikiliza, rungu mkononi.

"Ulienda kusema? Weye mwenyewe?"

"Ndiyo, Papa."

"Na banakutosha ku bourse."

"Ndiyo."

Vumbi la malori lilikuwa limemshika Gauthier nyusi. "Miezi mbili nalala hapa," alisema, "nasema, haiko kintu, Plamedie iko anasoma. Asubuhi naamuka, mugongo inauma, nasema, leo iko na cours ya manabii. Njo ile ilikuwa inanipatia nguvu. Haukuniuliza."

"Nilishindwa kubakia vile, Papa."

"Najua. Lakini haukuniuliza."

Alirudi naye siku ile, amebeba mfuko mmoja wa nguo. Watoto wa mtaa walimwona wakakimbia mbele yao wakipiga kelele kwamba mufwe, yule aliyekufa, amerudi, wakicheka, na mama zao wakawaita ndani. Mama Huguette alimwekea maji ya kuoga, akampikia, akakaa karibu naye kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa desturi yao. Baada ya siku chache nyundo ilisikika tena uani. Watu walinunua mbabula kama zamani. Wengine walimtania, naye alijifunza kutabasamu bila kuacha kugonga.

Lakini hakumwuliza tena Plamedie kuhusu manabii, wala kuhusu jambo lolote lililo katika vitabu. Alimsalimu asubuhi, akamwomba amshikie bati, akamshukuru. Jean-Claude hakukanyaga tena nyumbani pale. Chancelvie alituma ujumbe mmoja kwenye simu, kwamba anamwombea, na Plamedie aliusoma mara nyingi asijue aujibu vipi.

Paroko alikuja kumwona mwezi wa sita. Alimwambia ni vizuri, kwa sasa, apumzike kidogo kufundisha katekesi, hadi wazazi wa watoto watulie. Plamedie akasema, "Ndiyo, Mompe." Alimsindikiza hadi barabarani, akarudi. Baba alikuwa amepinda bati kwa mguu na hakuweza kulishika peke yake. Plamedie akachuchumaa upande wa pili, akashika kwa mikono yote miwili, akageuza uso pembeni ili cheche zisimpate machoni.